Sura ya Saba: Damu ya Mtoto Aliyechelewa Kulia

Mama aliyejifungua mtoto asiyelia huuliza mambo mawili. La kwanza huliuliza akiwa bado kitandani, mkunga amempa kisogo na ambubagi, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, iko mkononi: "Yu hai?" La pili huja saa kadhaa baadaye, mtoto akishapelekwa wodi ya wachanga na kuwekewa oksijeni, na mama ameshajikokota hadi mlangoni: "Dokta, mwanangu atakuwa mzima?" La kwanza hujibiwa kwa macho. La pili limewasumbua madaktari kwa zaidi ya karne moja na nusu, na sura hii inahusu juhudi za kulijibu kwa damu.

Ubishi wa kitaalamu juu ya swali hilo ulianzia London. Mwaka 1861 daktari wa viungo William John Little alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi akaeleza kwamba wengi wa watoto aliowaona, wenye miguu iliyokakamaa na mikono isiyowatii, walikuwa wamezaliwa kwa shida: uchungu uliochukua muda mrefu, mimba isiyotimiza siku, au pumzi iliyochelewa. Kwake yeye, chanzo cha mtindio wa ubongo kilikuwa siku ya kuzaliwa. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu huko Vienna na hajapata bado umaarufu wake wa baadaye, alitilia shaka hoja hiyo. Alisema huenda mtoto alishaathirika tumboni, na kuzaliwa kwa shida kukawa dalili ya tatizo hilo, wala si chanzo chake. Naomba msomaji auweke ubishi huu akilini, maana tutaukuta tena mbele, ukiwa umehamia ndani ya chembe za damu za watoto wa Asia ya Kusini.

Kwa muda mrefu mkunga hakuwa na kipimo chochote zaidi ya jicho na mkono wake. Mwaka 1952 Virginia Apgar, daktari wa usingizi huko New York, alipendekeza alama tano za kumpima mtoto mara anapozaliwa: rangi, mapigo ya moyo, namna anavyoitikia anapoguswa, ukakamavu wa misuli na pumzi. Kila alama hupewa sifuri, moja au mbili, na jumla yake ni kumi. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kabla ya hapo mtoto aliyelegea aliweza kuachwa pembeni huku wote wakimhangaikia mama. Lakini Apgar hakuitunga kwa ajili ya kutabiri. Watoto wengi wanaopata alama tatu katika dakika ya kwanza huenda nyumbani wakinyonya vizuri, na baada ya miaka saba wako darasani na wenzao.

Wakaja wengine na vipimo vya kumwangalia mtoto katika saa na siku zinazofuata. Mwaka 1976 Harvey na Margaret Sarnat waligawa hali ya ubongo uliokosa hewa katika ngazi tatu. Mwaka 1997 kundi la madaktari wa Cape Town lilichapisha alama zinazojulikana kwa jina la Thompson: mambo tisa yanayoweza kuangaliwa na muuguzi yeyote aliyefundishwa, bila mashine. Je, mtoto yuko macho? Ana degedege? Ananyonya? Anashika kidole? Utosi wake umevimba? Anapumua mwenyewe? Nazipenda alama hizi kwa sababu zilitungwa Afrika, katika wodi zenye msongamano, na bado zinafanya kazi. Kasoro yake ni moja, nayo ni nzito: ili zitabiri vizuri, zinahitaji siku kadhaa za kumwangalia mtoto. Na ubongo uliokosa hewa hautoi siku hizo.

Tuone kwa nini. Seli ya neva haina akiba. Oksijeni ikikatika, inajaribu kuzalisha nguvu kutokana na sukari peke yake, njia yenye mavuno haba ambayo mabaki yake ni asidi ya laktiki. Nguvu ikipungua, pampu zilizo kwenye ukuta wa seli zinasimama, chumvi na maji vinaingia, seli inavimba, na nyingine zinakufa palepale. Hilo ni pigo la kwanza. Mtoto anapopuliziwa hewa na moyo ukarudi kudunda, ubongo huanza kupata nafuu, na kwa muda wa takriban saa sita mtu anaweza kudhani hatari imepita. Ni moto chini ya majivu. Kinu cha nguvu cha seli, yaani mitokondria, kimeshajeruhiwa. Uvimbe na kemikali za mwasho zinaendelea kujengeka, na kuanzia hapo hadi siku ya tatu seli nyingi zaidi zinaweza kufa kuliko zile za pigo la kwanza. Degedege mara nyingi huanza katika kipindi hicho, wakati ndugu wameshapigiana simu kwamba mtoto ameokoka.

Katika zile saa sita ndipo tiba ya kupooza, yaani kuushusha joto mwili wa mtoto, ilipopata nafasi. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2005, na la tatu lililoongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 2009, yakijumlishwa pamoja yalionyesha kwamba mtoto akipoozwa mapema hadi kiasi cha nyuzijoto 33.5 na kushikiliwa hapo kwa saa 72, uwezekano wa kufa au kubaki na ulemavu mkubwa hupungua. Tangu hapo swali la daktari limepata saa ya ukutani. Anapaswa kujua kabla ya saa ya sita ni mtoto yupi ambaye ubongo wake unaungua chinichini, na yupi amechoka tu na atapona mwenyewe. Jicho halitoshi kwa kazi hiyo. Madaktari wakaigeukia damu.

Damu ya kwanza, na kwa maoni yangu iliyo bora kuliko zote, ni ya kitovu. Hainyonywi kutoka kwa mtoto, kwa hiyo haimuumi wala haimpunguzii kitu. Si jambo dogo, maana mtoto wa kilo tatu ana damu ya takriban robo lita tu mwilini mwake. Mkunga anabana kipande cha kitovu kwa vibanio pande mbili, anakikata na kukiweka kando. Ndani yake kuna mishipa mitatu. Mmoja ni mnene, mlaini, wenye ukuta mwembamba: huo ni vena, unaoleta damu safi kutoka kwenye kondo la nyuma. Miwili ni myembamba, migumu, iliyojisokota kuuzunguka ule mnene: hizo ni ateri, zinazoitoa damu kwa mtoto na kuirudisha kwenye kondo. Anayetaka kujua hali ya mtoto lazima achome ateri, kwa sababu damu ya vena inaeleza zaidi hali ya kondo. Lakini vena ndiyo inayojitokeza yenyewe chini ya sindano, na mwanagenzi huichoma hiyo. Ndiyo maana waliozoea huchukua sampuli mbili, moja kwa kila aina ya mshipa, na kuzilinganisha. Zikifanana kabisa, wanajua zote mbili zimetoka sehemu moja.

Katika damu hiyo hupimwa kwanza asidi. Kipimo cha pH cha damu ya ateri kikishuka chini ya 7.0, mtoto alikosa hewa kweli. Hupimwa pia lakteti, yaani yale mabaki ya seli zilizolazimika kujitegemea bila oksijeni. Mashine ya gesi za damu ni ghali na huhitaji vifaa vya kubadilishwa mara kwa mara, na katika hospitali nyingi za wilaya haipo au ipo na imefunikwa kitambaa. Lakini lakteti inaweza kupimwa kwa kifaa cha mkononi kinachotumia tone moja la damu, cha aina ileile wanayotumia makocha kupima uchovu wa wanariadha. Jibu hutoka kabla mkunga hajamaliza kumfuta mtoto.

Hata hivyo lakteti inajibu swali moja tu: deni la oksijeni lilikuwa kubwa kiasi gani. Haisemi ni kiungo gani kilichobeba deni hilo. Mwili wa mtoto unapobanwa pumzi huwa na hekima yake. Huikata damu ya figo, ini, utumbo na ngozi ili iende kwenye ubongo, moyo na tezi zilizo juu ya figo. Viungo vilivyonyimwa huacha alama zake: vimeng'enya vya ini hupanda, kreatinini, kipimo cha figo, hupanda, troponini ya moyo hutokea. Madaktari walitumaini kwamba ukubwa wa majeraha hayo utaonyesha ukubwa wa jeraha la ubongo. Kwa mtoto aliyenyimwa hewa kidogokidogo kwa muda mrefu, dalili hizo husaidia. Lakini mfuko wa uzazi ukipasuka, au kitovu kikitangulia na kubanwa, hewa hukatika ghafla na mwili haupati nafasi ya kugawa chochote. Mtoto huyo anaweza kuwa na ini na figo zenye majibu mazuri, huku kiini cha ndani kabisa cha ubongo kimeharibika. Nimeona inafaa kulikazia hili kwa sababu majibu mazuri ya ini huandikwa kwenye faili na kusomewa wazazi kana kwamba ni habari njema, na pengine si habari njema hata kidogo. Na kreatinini ya siku ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ni ya mama, kwa hiyo haisemi mengi kuhusu figo za mtoto.

Kwa hiyo watafiti wakaanza kutafuta protini zinazotoka kwenye ubongo wenyewe. Wazo lenyewe ni jepesi kueleweka: seli ya ubongo ikipasuka, vilivyomo humwagika, na sehemu yake huvuka hadi kwenye damu. Ipo S100B inayotoka kwenye seli zinazozitegemeza neva. Ipo NSE, kimeng'enya cha seli za neva. Ipo GFAP, nyuzi za ndani za astrosaiti, aina mojawapo ya seli hizo za kutegemeza. Ipo neurofilamenti, nyuzi zinazoupa mkia wa neva umbo lake. Kila moja imeandikiwa makala kwa matumaini makubwa, na kila moja ina mtego wake.

Mtego wa NSE unaonekana vizuri mtu akisimama karibu na muuguzi anayetoa damu kisiginoni. Mtoto amepoa, mguu una baridi, damu haitoki. Muuguzi anaukamua mguu, anauachia, anaukamua tena, na tone linaingia kichupani pole pole. Chembe nyekundu zinapokamuliwa hivyo hupasuka, na baada ya sampuli kuzungushwa kwenye mashine ya maabara, maji ya juu ambayo yangepaswa kuwa ya rangi ya majani makavu yanatoka mekundu. Chembe nyekundu nazo zina NSE. Kwa hiyo namba kubwa inayotoka maabara huenda haisemi lolote kuhusu ubongo. Ni habari za kisigino kilichokamuliwa. Vivyo hivyo kwa kimeng'enya cha LDH, ambacho nacho kimewahi kutajwa kuwa mtabiri mzuri.

S100B hutoka pia kwenye mafuta ya mwili, na hutoweka kwenye damu haraka, kiasi kwamba sampuli iliyochelewa inaweza kukuta nyingi imeshaondoka. GFAP inashikamana zaidi na ubongo, ila hupanda kwa mwendo tofauti kwa kila mtoto. Neurofilamenti ndiyo inayonivutia zaidi kwa usahihi wake, na pia ndiyo inayovunja moyo zaidi. Hupanda taratibu, kwa siku. Inapotoa jibu lililo wazi, zile saa sita zilishapita zamani. Inaweza kumsaidia daktari kuzungumza na wazazi siku ya kuruhusiwa, lakini haiwezi kumwamulia nani apoozwe.

Kuna jambo ambalo makala za vipimo hivi hulipitia juujuu, nami nataka kulikalia, kwa sababu ndilo linalowagusa wazazi. Tuseme kuna kipimo kinachowakamata watoto 80 katika kila 100 watakaopata madhara, na kinawasingizia 20 katika kila 100 wasio na tatizo. Kwa masikio ya wengi hicho ni kipimo kizuri. Kipeleke kwenye wodi ambayo watoto 30 kati ya 100 watapata madhara. Kitawataja 24 kati ya hao 30. Kati ya wale 70 wazima kitawasingizia 14. Jumla ya waliotajwa ni 38, na zaidi ya theluthi moja yao ni wazima. Sasa kihamishie kwenye wodi ambayo ni watoto 10 tu kati ya 100 watakaoathirika. Kitawataja wanane kwa haki, na 18 kwa kuwasingizia. Kipimo ni kilekile, kichupa ni kilekile, lakini sasa wengi wa walioambiwa habari mbaya wameambiwa uongo. Namba inayotoka maabara haina maana mpaka ujue imetoka katika wodi gani.

Uongo huo una gharama. Familia ikiambiwa kwamba mtoto hatakuwa na maisha, kila kitu hubadilika: muuguzi humwendea mara chache zaidi, ndugu huanza kumshauri mama asijisumbue, maziwa hukamuliwa kwa mkono mzito, baba husita kulipia dawa. Mtoto akifa, utabiri huhesabiwa kuwa ulitimia. Tafiti nyingi za vipimo hivi ni ndogo, za hospitali moja, na kiwango cha kutenganisha wazima na walioathirika huchaguliwa baada ya matokeo kujulikana. Mimi siamini kwamba kipimo kimoja cha damu, kwa hali yake ya leo, kinatosha kumwambia mzazi yeyote akate tamaa.

Sasa turudi kwa Little na Freud. Baada ya tiba ya kupooza kukubalika katika nchi tajiri, ilikuwepo shauku ya haki kabisa ya kuileta kwetu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti walijaribu kuwapooza watoto kwa chupa za maji, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo ya watoto 36. Ilionekana kwamba joto la mtoto linaweza kushushwa kwa vifaa rahisi, lakini idadi ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba maisha yanaokolewa. Jibu kubwa lilikuja mwaka 2021 kutoka jaribio la HELIX, lililofanyika katika hospitali saba za India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408. Kupooza hakukupunguza vifo na ulemavu vikijumlishwa pamoja. Vifo vyenyewe viliongezeka: asilimia 42 ya waliopoozwa walifariki, dhidi ya asilimia 31 ya wasiopoozwa. Hospitali hizo hazikuwa vibanda. Zilikuwa hospitali kubwa zenye wataalamu na mashine.

Kwa nini tiba iokoe upande mmoja wa dunia na idhuru upande mwingine? Hapo damu ilitoa ushahidi ambao jicho lisingeweza kuupata. Watafiti wakiongozwa na Imperial College London walisoma jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya chembe za damu za watoto wa Asia ya Kusini, wakawalinganisha na watoto wa nchi tajiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha picha mbili tofauti. Watoto wa nchi tajiri walikuwa na alama za pigo moja la ghafla karibu na kuzaliwa. Wale wa Asia ya Kusini walikuwa na alama zinazofanana na za watu wazima wanaobanwa pumzi mara kwa mara usingizini: hewa inapungua, inarudi, inapungua tena, kwa muda mrefu. Huenda ubongo wao uliumizwa kidogokidogo, wakati wa ujauzito na katika uchungu, kabla saa ya daktari haijaanza kuhesabu. Dirisha la saa sita lilikuwa limeshafungwa kabla ya kuzaliwa.

Kwa maneno mengine, Little alikuwa na watoto wake, na Freud alikuwa na wake. Jina la ugonjwa ni moja na dalili za nje zinafanana, lakini njia zilizowafikisha hapo si moja. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo vipimo vya damu vimeleta katika uwanja huu: vimeonyesha kwamba hatuwezi kuazima dirisha la saa la watu wengine. Faida ya kwanza ya damu iwe kutambua ni jeraha la aina gani. Kutabiri kufuate.

Kwa upande wetu, kazi hiyo haijafanyika kwa kiwango kinachostahili. Watoto takriban milioni 2.3 duniani walifariki mwaka 2022 kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni moja ya sababu kuu tatu, pamoja na kuzaliwa njiti na maambukizi. Mzigo huo uko zaidi Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini, ilhali viwango vya namba vilivyoandikwa vitabuni vimetokana kwa sehemu kubwa na watoto wa Ulaya na Marekani. Kichanga cha Mwananyamala au cha Kisumu kinapimwa kwa rula iliyokatwa kwingine.

Sisemi kwamba tusubiri mashine za jeni. Yapo yanayowezekana wiki hii. Sukari ya damu ni kipimo cha ubashiri ambacho watu hawakihesabu kuwa ni cha ubashiri: mtoto aliyekosa hewa, kisha sukari yake ikashuka, ana hatari zaidi ya kuumia ubongo. Na tofauti na GFAP au neurofilamenti, sukari ikishuka inapandishwa palepale. Glukometa ipo katika vituo vingi. Lakteti ya kitovu, ikirudiwa baada ya saa chache kuona kama inashuka, pamoja na alama za Thompson zinazoandikwa kila siku kwenye faili, humpa daktari wa wilaya msingi mzuri wa kuamua nani apewe rufaa leo usiku na nani aangaliwe palepale. Namba inayoshuka vizuri na mtoto anayeanza kunyonya siku ya pili ni habari za kuaminika kuliko protini moja yenye jina refu.

Na mbele ya vipimo vyote, kuna mkono wa mkunga. Nchini Tanzania, mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua katika dakika yake ya kwanza yalipopelekwa katika hospitali nane, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Yalitokana na kumkausha mtoto, kumchangamsha na kumpulizia kwa ambubagi bila kuchelewa. Bajeti ikiwa ndogo na nikatakiwa kuchagua kati ya mashine ya protini za ubongo na ambubagi nzima katika kila chumba cha kujifungulia, pamoja na mazoezi ya kila wiki ya kuitumia, nachagua ambubagi bila kusita.

Kwa mzazi anayesoma sura hii akiwa na mtoto aliyechelewa kulia: kabla hamjaruhusiwa, omba kwa heshima daktari au nesi aandike kwenye kadi ya mtoto alama za Apgar, kama alipata degedege, siku aliyoanza kunyonya, na lakteti kama ilipimwa. Mrudishe kliniki hata kama anaonekana mzima, apimwe mzingo wa kichwa, usikivu na miondoko, angalau hadi atimize miaka miwili. Akifika miezi minne shingo haijakaza, au miezi tisa hajakaa mwenyewe, usikubali kuambiwa kwamba watoto wengine huchelewa tu. Dai aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwezi huohuo.